Shajara ya Wingu: kumfundisha sungura mdogo kutumia trei ya choo

2 Machi

Wingu kafika jana jioni. Ana wiki 9, wa kijivu, sikio moja limesimama jingine bado linalala. Naanzisha shajara hii kwa sababu nilipokuwa nauliza watu namna ya kumfundisha sungura mdogo choo wengi walinieleza mwisho tu, kwamba wa kwao anatumia trei na nyumba hainuki, ila pale katikati walipitaje hakuna aliyesema, na mimi nilichokuwa nakitaka ni hapo katikati. Basi nitaandika kila nilichojaribu, kilichoharibika na kilichonigharimu.

Nimeanza na uzio wa waya wa kukunja, unatoa eneo la kama mita moja na kidogo kila upande, chini nimetandika turubai. Ndani kuna bakuli zito la maji, kiboksi cha kujifichia, nyasi kavu, na beseni la plastiki la mstatili nililolijaza maranda, hilo ndo trei. Pembeni nina siki nyeupe, chupa ya kunyunyizia na matambara mengi. Trei nimeiweka karibu na mlango wa uzio ili iwe rahisi kuitoa.

Ninachohesabu ni madoa ya mkojo nje ya trei, basi. Zile gololi kavu za kinyesi sizihesabu, maana sungura mkubwa anatoa 200 mpaka 300 kwa siku, hazina harufu, unazifagia zinaisha. Mkojo ndo wenye kazi.

4 Machi

Madoa 9 jana, leo 8. Yote yako kona moja, ile ya nyuma kwenye ukuta, na trei yenyewe kaifanya kitanda, anajinyoosha humo kwenye maranda miguu ya nyuma imetoka nje kabisa, analala usingizi wa kweli.

Kosa la kwanza ni la juzi na jana. Niliambiwa nikimwona anataka kukojoa nimbebe haraka nimtie kwenye trei. Nimefanya hivyo mara 5 hivi, matokeo yake jana usiku nikinyoosha tu mkono kujaza maji anakimbilia kiboksini na kupiga mguu chini, ile pu! ya kuonya hatari. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, kinachomjia kutoka juu ni mwewe, hata kiwe mkono wangu uliomlisha asubuhi. Nimeacha kabisa kumbeba kwa habari ya choo. Nikitaka kumsogeza nakaa chini, namwita kwa jani la koriandi (dania), anakuja mwenyewe.

Leo nimekaa sakafuni saa nzima bila kufanya kitu, namwangalia tu. Kabla ya kukojoa anarudi nyuma taratibu mpaka makalio yagusane na kona, mkia unainuka juu, unaona ule upande mweupe, halafu anatulia, macho yanafumba nusu, pua inaacha kuchezacheza kwa sekunde chache. Akimaliza anaruka mbele. Mara 3 ndani ya saa ile, na mara zote ni kona ileile, hakukosea hata sentimita 10. Kwa hiyo choo anacho tayari, alijichagulia siku ya kwanza, mimi ndo niliyeiweka trei pengine kwa ajili ya urahisi wangu.

Nimeihamishia trei kwenye kona yake. Yale matambara yaliyofuta mkojo sikuyafua yote, moja nimelikata nikaliweka chini ya maranda, na gololi chache juu.

6 Machi

Jana madoa 6, leo 6. Yamepungua kisha yakagoma, na yote yako mbele ya trei, sio mbali, yaani yamegusana nayo. Ikabidi nikae tena kumwangalia. Kumbe anapanda kwa miguu ya mbele, anafika, anainua mkia, ila nusu ya nyuma iko nje ya beseni. Nia anayo, ukingo ndo unamshinda, una sentimita 18 na yeye mwenyewe bado ni mdogo hivyo.

Nimekata upande mmoja kwa kisu kilichopashwa moto, nikaacha mlango wenye kimo cha sentimita 7. Ukingo ulibaki na makali nikauzungushia gundi ya karatasi, ule utepe wa kunata. Usifanye hivyo. Asubuhi nimekuta kaibandua kipande cha urefu wa kidole na kukitafuna, nusu yake siioni. Nimekaa roho juu siku nzima, nikiangalia anakula au la na gololi zinatoka au la, maana sungura hawezi kutapika, kilichoingia njia yake ni moja tu, na akikaa hata nusu siku bila kula ni dharura ya kumpeleka kwa daktari. Nashukuru kala vizuri na gololi zimetoka za ukubwa wa kawaida. Gundi nimebandua yote, nikapiga ukingo msasa, kwanza ule mkwaruzo kisha ule laini, mpaka nikipitisha ndani ya mkono wangu sisikii kitu. Dakika 20 za kazi. Ningeanza na msasa tangu mwanzo.

9 Machi

Hii ndo siku iliyobadilisha mambo kuliko zote hadi sasa. Nyasi zake zilikuwa kwenye bakuli upande wa pili wa uzio, mbali na trei, kwa sababu kwangu mimi chakula na choo havikai pamoja. Kwa sungura ni kinyume. Anakula huku anatoa, ndivyo tumbo lake linavyokwenda, na nimemwona kwa macho yangu akitafuna ubua mrefu wa nyasi huku gololi zinadondoka nyuma yake.

Basi nimefunga kishikio cha waya kwenye uzio, juu ya upande wa nyuma wa trei, nikakijaza nyasi, ili kuzifikia lazima akae ndani ya trei. Angalieni mashimo ya waya, kichwa kisipite, na pasiwe na ncha. Jana madoa yalikuwa 6, leo 2. Sikuamini, nimelimulika turubai kwa tochi kona zote.

Na tangu leo nimeacha kumwekea maranda mengi laini, amepata kitambaa chake cha kulalia kona nyingine, kwa hiyo trei sio kitanda tena.

13 Machi

Madoa: 2, 1, 2, halafu leo 7.

Nililia kidogo asubuhi, nasema ukweli. Nikarudi kuangalia nilichofanya jana: nimeosha trei. Niliisugua kwa sabuni ya unga na dawa ya sakafu yenye harufu kali ya maua, nikaianika juani, nikaweka kila kitu kipya kuanzia chini mpaka juu, ikawa inang'aa. Kwangu mimi usafi, kwake yeye choo kimepotea. Anafika pale, ananusa pande zote, anasimama kwa miguu ya nyuma ananusa na nyasi, halafu anarudi kukojoa kwenye turubai sehemu ambayo bado ina harufu yake.

Marekebisho: trei nimeisuuza kwa maji mengi harufu ya dawa iishe, nimerudisha konzi moja ya uchafu wa jana niliokuwa bado sijatupa, na turubai ndo nimelisafisha sawasawa kwa siki na maji nusu kwa nusu. Yaani harufu yake ibaki ndani ya trei, nje ifutike. Hadi jioni alikuwa amesharudi.

Utaratibu ninaoufuata sasa: kila siku natoa sehemu iliyolowa tu, mara moja kwa wiki namwaga yote na kuosha kwa siki na maji moto, na kila nikimwaga nabakiza kidogo cha zamani nakirudisha. Ule ukoko mweupe unaoganda chini ya trei usiwatishe, ni chokaa. Sungura hutoa kalsiamu ya ziada kwenye mkojo, na huyu bado anakua kwa hiyo nampa na lusini (majani ya malisho, alfalfa), ambayo ina kalsiamu nyingi. Siki ikilala juu yake dakika 15 unabanduka wenyewe.

18 Machi

Hesabu ni doa 1 au hakuna. Siku hizi nahangaika na cha kuweka ndani ya trei, na hapa nimepoteza vitu vingi kidogo.

Maranda niliyoanza nayo ni ya msonobari, ukifungua mfuko harufu ya mti inakujaa puani, na nilidhani ndo uzuri wake. Wiki ya pili Wingu akaanza kupiga chafya. Daktari wa mifugo niliyempigia akaniambia harufu ile ni kemikali za mti, misonobari na mierezi ambayo haikukaushwa kwa joto kali sio ya sungura, inachokoza njia ya hewa na ini linapata kazi ya ziada. Mfuko ulikuwa umebaki zaidi ya nusu, nimeutupa.

Magazeti yaliyochanwa: salama, rahisi kupata, ila yanalowa haraka na kuganda. Siku 2 tu manyoya ya nyayo zake yalikuwa ya njano na harufu ya amonia ilinipata nikiwa nimesimama mlangoni, sasa fikiria yeye ambaye pua yake iko juu yake kabisa.

Mchanga wa paka: jirani alinipa mfuko mzima bure, ule unaoganda ukilowa. Nimeshukuru nikaurudisha. Sungura mdogo anaonja kila kitu kwa meno, na kitu kinachoganda kikilowa kwenye trei kitaganda vilevile tumboni.

Nikajaribu pia kuweka wavu wa plastiki juu ya magazeti ili mkojo upite chini. Alikaa humo kwa kusitasita, anainua mguu huu anautua ule. Nyayo za sungura hazina zile pedi za paka na mbwa, ni manyoya tu juu ya ngozi, akikaa sana kwenye waya au wavu mgumu anaota vidonda. Niliutoa siku hiyohiyo.

Nilipotua ni peleti za mbao, zile ngumu za vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa. Hakikisha hazina mafuta wala dawa ya kuwashia moto, maana nyingine hutengenezwa za jiko. Naweka tabaka la sentimita 2 au 3, juu yake nyasi za kutosha asikanyage peleti zenyewe. Alizing'ata mbili siku ya kwanza akazitema, hajazirudia. Zikilowa zinavimba na kugeuka unga, kwa hiyo sehemu iliyolowa unaiona waziwazi na kuichota kwa kikombe. Harufu imekwisha.

27 Machi

Kosa kubwa kuliko yote, na limegharimu.

Siku 6 mfululizo hakukuwa na doa hata moja ndani ya uzio. Nikaona mwanafunzi kahitimu, Jumapili nikafungua uzio nikamwachia sebule nzima. Kwa saa ya kwanza ilikuwa furaha tupu, anakimbia anaruka hewani na kujipinda, nimekaa nacheka mwenyewe. Halafu akapanda kochi. Akanusa mto ninaolalia, akarudi nyuma kidogo, mkia juu. Hadi jioni kochi mara 3, kazulia kadogo cha mlangoni mara 2, na nyuma ya kabati sijui mara ngapi kwa sababu niligundua kwa harufu baada ya siku 2.

Mdogo wangu alikuwepo, akasema, "Dada, huyu hafundishiki, mjengee banda nje uwe na amani." Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka, ila sikukubaliana naye na bado sikubaliani. Wingu hakusahau kitu. Alifundishwa eneo la mita moja, akapewa eneo mara kumi yake, trei iko mbali haionekani, na kochi ni laini linanyonya kama nyasi na linanukia mtu anayemfahamu. Ndani ya chumba kipya alifanya alichokifanya siku ya kwanza, alichagua kona.

Gharama: kazulia nimekatupa, sponji ya mto mmoja wa kochi nimetupa kwa sababu mkojo ulishazama katikati. Kitambaa chake kimepona. Ukiwahi, usisugue, gandamiza kwa tambara kavu mpaka linyonye, halafu siki na maji, gandamiza tena. Siki jaribuni kwanza sehemu isiyoonekana, inaweza kuchujua rangi.

Marekebisho nimeyapanga hivi: amerudi ndani ya uzio siku 4. Baada ya hapo nasogeza uzio nje hatua moja, sio zaidi, nasubiri siku 3 safi ndo nasogeza tena. Akikosea narudi hatua moja nyuma, bila kelele, bila kumwadhibu. Kochi limefunikwa nailoni ngumu, alipanda mara moja ikapiga kelele chini ya miguu akashuka. Na nimeongeza trei ya pili, nimeiweka palepale nyuma ya kabati alipopachagua, ikiwa na nyasi zake.

2 Aprili

Usumbufu wa aina nyingine. Asubuhi nimekuta kwenye trei kitu kinachong'aa, cheusi, kimeshikamana kama kichala cha zabibu ndogo, kimekanyagwa na kupakaa nyasi na manyoya ya nyuma, harufu kali sana. Na siku hiyohiyo mkojo ulikuwa rangi ya chungwa lililoiva karibu na wekundu. Nilidhani anakufa. Nikamfunga kwenye kikapu chake mbio kwa daktari.

Mkojo: daktari alipima, hakuna damu. Rangi hiyo hutokana na mimea anayokula, huja na kuondoka yenyewe, leo njano, kesho chungwa, keshokutwa kahawia. Kinachotakiwa kukuamsha ni akijikaza muda mrefu, akitoa matone matone, au mkojo ukiwa mzito kama uji wa chokaa.

Kile kichala nacho sio kuhara. Ni kinyesi laini ambacho sungura hutoa hasa usiku na alfajiri na kukila moja kwa moja kinapotoka, kina vitamini na protini zilizotengenezwa tumboni mwake, asipokila anakosa sehemu ya chakula chake. Kawaida hukioni kabisa. Ukikiona kimelala kwenye trei maana yake mara nyingi ni chakula kitamu kimezidi, na hapo nikakumbuka vipande vya ndizi nilivyokuwa nampa kila akiingia kwenye trei kama zawadi, mara 6 au 7 kwa siku. Zawadi ilikuwa inamharibu tumbo. Nimeacha ndizi, nimepunguza chakula cha punje, nyasi bila kikomo. Zawadi sasa ni jani moja dogo la koriandi, na sio kila mara. Siku ya 3 trei ilikuwa safi.

20 Aprili

Hakuna makubwa. Uzio umesogea hatua 5, nusu ya sebule ni yake. Wiki hii madoa 2 kwa wiki nzima, yote siku niliyochelewa kubadilisha trei, na nikiwa upande wake ningefanya vilevile. Mfuko mmoja wa peleti wa kilo 15 nilioanza nao mwezi uliopita bado unaendelea.

Ameanza kitu ambacho kinanifurahisha sana: akiwa mbali anacheza, ghafla anaacha, anakimbia moja kwa moja mpaka kwenye trei, anafanya, anang'oa nyasi mbili tatu, anarudi kuendelea pale alipoachia.

12 Mei

Tumerudi nyuma, na safari hii sio kosa la trei.

Wingu ana miezi minne na nusu sasa. Kuanzia Jumatano anazunguka miguu yangu akinguruma kwa sauti ndogo, uh uh uh, nikisimama anaparamia soksi. Gololi amezitawanya kwenye mpaka wote wa eneo lake, zimepangana kama mtu kazimwaga kwa mkono. Na mkojo sasa haukai chini, anaurusha akiwa anaruka, nimeukuta ukutani kimo cha goti na kwenye suruali yangu. Madoa: 5, 8, 11.

Aliyeniuzia aliniambia ni jike. Daktari kamgeuza dakika moja, dume, na korodani zimeshashuka. Hapo nilielewa, huku sio kusahau choo, ni balehe. Anatangaza kwamba hapa ni kwake, na hakuna trei wala nyasi zitakazoshindana na homoni. Majike pia hufanya haya, kwa hiyo msidhani mkiwa na jike mmeokoka.

Nimejaribu kwa siku hizi kumrudisha kwenye eneo dogo kama zamani. Kumesaidia nusu: mkojo mwingi unaingia kwenye trei, kurusha kunaendelea. Nimepanga kumhasi.

26 Mei

Kahasiwa tarehe 22. Hii ndo gharama kubwa kuliko nyingine zote zikijumlishwa, ni vizuri mtu aiweke akilini kabla hajamchukua sungura.

Jambo moja lilitaka kuharibika. Aliyepokea simu siku ya kuandikisha aliniambia asile kuanzia usiku. Ilinikaa vibaya, nikampigia daktari mwenyewe, akasema hapana, hiyo ni ya mbwa na paka wanaoweza kutapika wakiwa kwenye usingizi. Sungura hatapiki, na tumbo lake likisimama ndo hatari yenyewe, ale mpaka muda wa kuingia. Nilimpeleka na nyasi zake kwenye kikapu. Ulizeni, na mkijibiwa vibaya ulizeni tena kwa mwenye kushika kisu.

Trei baada ya upasuaji: peleti nimetoa zote, unga wake unaweza kushika kidonda. Nimetandika magazeti na taulo za karatasi, nabadilisha mara 3 kwa siku, mlango wa trei nimeukata chini zaidi asiruke. Usiku wa kwanza alikaa amejikunja, anakataa nyasi. Nilikaa naye chini, nikamshikia jani la koriandi puani, saa 4 usiku akalichukua, akatafuna polepole, akachukua la pili. Saa 7 gololi ya kwanza ikatoka, ndogo na kavu. Sijawahi kufurahia kinyesi namna ile maishani mwangu.

Madoa siku hizi 4: sihesabu, anapumzika.

21 Juni

Wiki ya 4 baada ya kuhasiwa. Hakuacha siku ileile, homoni hutoka taratibu. Wiki ya kwanza bado alirusha mara 4, ya pili mara 2, ya tatu mara moja ukutani, wiki hii hakuna. Kuzunguka miguu kumebaki, ila sasa ni kwa furaha nikibeba nyasi. Peleti nimerudisha kidonda kilipofunga kabisa.

Mdogo wangu alitaka kuleta jike lake wacheze. Nimemwambia asubiri, dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki 4 mpaka 6 hivi.

Uzio umefunguliwa tena kwa hatua zilezile za Aprili, nimeanza upya toka mita moja, sikuruka hata hatua moja.

12 Julai

Siku 16 bila doa, sebule nzima iko wazi mchana kutwa, usiku analala ndani ya eneo lake mlango ukiwa wazi. Nailoni ya kochi niliitoa Jumatatu. Amepanda, kanusa mto, kajinyoosha akalala, kashuka mwenyewe akaenda kwenye trei.

Trei zimebaki 2. Nilijaribu kuiondoa ile ya nyuma ya kabati, siku hiyohiyo alisimama pale pasipo na kitu anageuka geuka, nikairudisha kabla hajafanya uamuzi mwingine. Beseni lile la kwanza limekuwa dogo, akinyoosha mgongo kichwa kinatoka nje, kwa hiyo nimenunua kontena kubwa la kuhifadhia vitu, nikakata mlango, nikapiga msasa, na kwa siku 5 nimeliweka kando kwa kando na la zamani nikihamisha uchafu kidogo kidogo mpaka akahama mwenyewe.

Vilivyotumika kwa miezi 4 na ushee: mabeseni 2 na kontena 1, mfuko 1 wa maranda uliotupwa, mifuko 3 ya peleti za kilo 15 na wa tatu bado una nusu, siki lita 6, kazulia, sponji ya mto, safari 4 za daktari, na upasuaji. Muda: wiki 2 za kwanza kama saa 2 kwa siku nikihesabu na kukaa kumwangalia, sasa dakika 10 asubuhi.

Kilichobaki ni gololi 5 au 6 kila siku mbele ya mlango wa jikoni, kavu, zimepangwa mstari. Nimejaribu kufagia, kupiga siki, kuweka kitambaa. Anazirudisha usiku uleule. Nimemwachia mpaka wake.

Nitaandika tena jike likija, maana huko ni kuanza upya kwa wote wawili, na trei itabidi ziwe 3.